Count Rumford: Mwanasayansi aliyekataa kahawa isikorogwe

WATENGENEZAJI wa kahawa ya kumiminia maji wana ubishi ambao haujaisha hadi leo. Ubishi wenyewe unahusu kijiko. Wapo wanaoshikilia kwamba unga wa kahawa ukishalowa ndani ya kichujio ni lazima ukorogwe, au chombo kizungushwe kwa mkono, ili maji yafike kila mahali. Wapo pia wanaosema kwamba unga huo ukishatulia usiguswe tena, la sivyo kinywaji kimeharibika.

Mabishano hayo yamepamba moto zaidi tangu kahawa iliyokaangwa kidogo ianze kupendwa katika migahawa ya mijini. Kahawa ya namna hiyo ni ngumu, haitoi ladha yake kwa urahisi, na kila mtengenezaji ana mbinu yake ya kuilazimisha.

Wachache kati ya wabishani hao wanafahamu kwamba hoja ya wanaokataa kijiko iliandikwa kwa kirefu mwaka 1812. Aliyeiandika hakuwa mwenye mgahawa wala mfanyabiashara wa buni. Alikuwa jasusi, kisha jenerali, kisha waziri wa vita katika nchi ya ugenini, na hatimaye mmoja wa wanasayansi waliobadilisha maarifa ya binadamu kuhusu joto. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa Benjamin Thompson. Dunia inamkumbuka kwa jina la Count Rumford.

Thompson alizaliwa Machi 26, 1753 katika mji mdogo wa Woburn, Massachusetts, wakati Marekani ikiwa bado makoloni ya Uingereza. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki dunia kabla mtoto huyo hajatimiza miaka miwili. Alipofika miaka 13 alipelekwa kujifunza kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa mji wa Salem, ambako aliungua vibaya alipokuwa akitengeneza fataki. Inaelekea moto ulimvutia tangu utotoni, na haukumwacha tena.

Mwaka 1772, akiwa na miaka 19, alikwenda kufundisha shule katika mji wa Concord, New Hampshire, ambao zamani uliitwa Rumford. Huko akamwoa Sarah Rolfe, mjane mwenye mali aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 10. Mwana wa mkulima akajikuta ghafla miongoni mwa wakubwa, na gavana wa koloni akampa cheo cha meja katika jeshi la akiba. Mwaka 1774 alizaliwa binti yao, naye akaitwa Sarah kama mama yake.

Ndoa hiyo haikudumu. Vuguvugu la mapinduzi dhidi ya Uingereza lilikuwa limeanza, na Thompson alishukiwa kuwa upande wa Mfalme. Mwishoni mwa mwaka 1774 alitoroka Concord usiku, kundi la watu wenye hasira likiwa njiani kuja kumkamata. Shaka zao hazikuwa za bure, kwani barua aliyoiandika mwaka 1775 kwa wino usioonekana, akiwapa Waingereza habari za jeshi la waasi, ipo hadi leo.

Alipoondoka aliwaacha mke na mtoto, na hakumwona tena mkewe hadi mama huyo alipofariki dunia mwaka 1792. Binti alimtia machoni baba yake mwaka 1796, akiwa tayari msichana wa miaka 21. Hili ni doa ambalo wasifu wake wote hauwezi kulifuta.

Mjini London, Thompson alipanda ngazi haraka. Alifanya kazi katika ofisi ya waziri wa makoloni, Lord George Germain, na mwaka 1779 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society kutokana na majaribio yake ya baruti. Baada ya vita, mwaka 1784, Mfalme George III alimpa cheo cha Sir. Mwaka huohuo akaingia katika utumishi wa Karl Theodor, mtawala wa Bavaria, ambako aliishi zaidi ya miaka 10 na kupata karibu kila cheo kilichowezekana kutolewa.

Januari 1, 1790, askari wake walisambaa katika mitaa ya Munich na kuwakamata ombaomba wote waliowakuta. Watu hao walipelekwa katika nyumba maalumu ya kazi, wakapewa joto, chakula na ajira ya kushona sare za jeshi. Namna ya kuwakamata ilikuwa ya kijeshi, lakini walipofika walitendewa kwa heshima ambayo maskini wa Ulaya ya siku zile hawakuizoea. Bustani kubwa ya umma ya Munich iitwayo Bustani ya Kiingereza, iliyoanzishwa mwaka 1789 kwa shauri lake, ingali ikitembelewa na wakazi wa jiji hilo.

Jikoni kwa maskini hao ndiko Rumford alikoanza kazi iliyomfikisha kwenye kahawa. Kulisha watu zaidi ya 1,000 kila siku kulihitaji kuni nyingi, naye alitaka kujua joto la kuni hizo lilikuwa likipotelea wapi. Alibuni majiko yaliyofunikwa, akapima sufuria, akapima moto, akapika supu ya shayiri, mbaazi na viazi ambayo iliitwa kwa jina lake katika nchi kadhaa. Si kila alichokiamini kilikuwa kweli. Kwa mfano, alidhani kwamba maji yaliyomo katika supu hugeuka kuwa chakula. Hata hivyo, tabia yake ya kupima kila kitu ilimfundisha mengi.

Siku moja aliletewa supu nzito ya wali, akaiacha kwa muda mrefu bila kuila. Kijiko cha kwanza, alichokichota juu, kilikuwa kimepoa. Cha pili, alichokichota chini zaidi, kilimbabua mdomo. Alijiuliza kwa nini supu nzito hushikilia joto kiasi hicho wakati maji matupu hupoa upesi.

Jibu alilipata kwa bahati. Alikuwa na kipimajoto kikubwa kilichojaa pombe kali, akakiweka dirishani kipoe. Jua lilipokimulika aliona chembe za vumbi zilizokuwa ndani yake zikipanda katikati na kushuka pembeni, bila kutulia. Akaelewa kwamba kimiminika kinapopoa huwa kinajikoroga chenyewe. Sehemu ya moto hupanda, ya baridi hushuka, na joto husafiri pamoja na mwendo huo. Supu ya wali haikupoa kwa sababu uzito wake uliuzuia mwendo. Rumford alivuka mpaka aliposema kwamba vimiminika havipitishi joto kwa njia nyingine yoyote, jambo ambalo si kweli. Lakini mwendo alioueleza ndio uleule unaofundishwa mashuleni leo.

Kwa heshima ya kazi yake, alipewa cheo cha Count katika Dola Takatifu ya Kirumi mwanzoni mwa miaka ya 1790. Alipotakiwa kuchagua jina la kuambatana na cheo hicho, alichagua Rumford, jina la zamani la mji uleule alioukimbia usiku.

Umaarufu wake mkubwa katika sayansi ulitokana na mizinga. Katika karakana ya silaha ya Munich, farasi walizungusha mitambo ya kutoboa mizinga ya shaba, na Rumford alishangazwa na joto kali lililotokea. Wanasayansi wengi wa wakati ule waliamini kwamba joto ni kitu chenye asili yake, aina ya majimaji yasiyoonekana yaliyojificha ndani ya vitu. Rumford aliuzamisha mzinga katika sanduku la maji na kuutoboa kwa kekee butu. Baada ya saa 2 na dakika 30 maji yalichemka pasipo moto wowote, mbele ya watu waliobaki wameduwaa.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kama joto lingekuwa kitu kilichohifadhiwa ndani ya shaba, lingekwisha. Halikwisha kamwe, alimradi farasi waendelee kuzunguka. Kwa hiyo joto ni aina ya mwendo. Taarifa hiyo ilisomwa mbele ya Royal Society mwaka 1798, na ilichukua takriban nusu karne kabla ya wanasayansi kuikubali kwa jumla.

Mwaka 1799 alikuwa mstari wa mbele katika kuanzisha Royal Institution mjini London, taasisi iliyoko hadi sasa, na iliyomwajiri kijana Humphry Davy mwaka 1801. Lakini Rumford hakuwa mtu wa kukaa na wenzake. Aligombana na waliomzunguka, akaondoka Uingereza mwaka 1802 na kuelekea Ufaransa.

Huko Paris alifunga ndoa mwaka 1805 na Marie-Anne Lavoisier, mjane wa mkemia mashuhuri Antoine Lavoisier aliyekatwa kichwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1794. Jambo hili lina ajabu yake, kwa kuwa Lavoisier ndiye aliyeipa nguvu nadharia ya joto kama majimaji, ileile ambayo Rumford aliipiga vita kwa mizinga yake.

Ndoa hiyo ilikuwa balaa. Mke alipenda wageni, mume alipenda utulivu. Kwa maelezo ambayo Rumford mwenyewe alimwandikia binti yake, siku moja wageni walipoalikwa bila ridhaa yake alifunga lango na kuchukua funguo, wageni wakabaki nje wakizungumza na mwenyeji wao juu ya ukuta. Mkewe alilipiza kisasi kwa kuchukua maji ya moto na kuyamwagia maua ambayo mumewe aliyapenda. Waliachana mwaka 1809, na Rumford akahamia Auteuil, wakati ule kijiji kilichokuwa nje kidogo ya Paris.

Katika upweke huo wa Auteuil ndipo alipoigeukia kahawa kwa dhati. Hakuwa mnywaji wa pombe kwa kiasi cha kutajwa, na aliamini kwamba kahawa humchangamsha mtu bila kumwachia huzuni na uchovu baadaye. Kilichomkera ni namna ilivyotengenezwa. Watu wengi wa Ulaya walitia unga wa kahawa katika maji na kuuchemsha pamoja, kisha wakasubiri machicha yatulie chini.

Insha yake ya mwaka 1812 ilianza na ukaangaji. Aliagiza kwamba punje ziondolewe motoni mara zinapopata rangi ya mdalasini uliokolea, kwa sababu zikipita hapo harufu nzuri hupotea na uchungu usiopendeza huingia. Msomaji anayefuatilia mambo ya kahawa ataona kwamba rangi hiyo iko mbali na weusi wa mkaa uliozoeleka kwa miaka mingi, na iko karibu na ile inayotafutwa leo na wapenzi wa kahawa iliyokaangwa kidogo.

Baada ya hapo alifika kwenye jambo lililomgusa zaidi. Nukato la kahawa, kwa maoni yake, ni kitu chepesi kinachorukia hewani mara kinapopata nafasi, na nafasi hiyo huletwa na mtibuko. Maji yanapochemka hutibuka, na nukato hutoka na mvuke. Harufu inayojaza nyumba nzima wakati kahawa ikichemka ilikuwa kwake ushahidi wa hasara, kwani kilichoko puani hakimo tena kikombeni. Wauza kahawa wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao birika zao hukaa juu ya makaa kutwa, wangepata lawama zake bila shaka, ingawa wateja wao wenye kashata mkononi wasingemsikiliza.

Lakini Rumford alikwenda mbali zaidi ya hapo. Alikumbuka zile chembe za vumbi ndani ya kipimajoto. Kahawa iliyoachwa ipoe hujikoroga yenyewe hata kama hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo alibuni chombo chenye kuta mbili, maji ya moto yakiwa kati ya kuta hizo, ili kahawa iwe na joto lilelile juu, chini na pembeni. Pasipo tofauti ya joto, hakuna mwendo, na pasipo mwendo, nukato hubaki lilipo. Ugunduzi wa dirishani Bavaria ukawa umepata kazi katika buli la kahawa.

Kuhusu unga wenyewe, alifuata njia ya kuchuja iliyokuwa imeanza kutumika Paris karibu na mwaka 1800, ambayo huhusishwa na Askofu Mkuu de Belloy. Maji yanayochemka yalimiminwa juu ya unga uliokaa katika chujio la bati lenye matundu, yakapenya polepole hadi chini. Rumford aliona kasoro moja. Unga ukikaa bila mpangilio, maji hupita mahali palipo wazi na kuacha kwingine.

Dawa yake ilikuwa kifaa cha kushindilia, yaani kisahani cha bati chenye mpini, na chini yake vipande vilivyochomoza. Kifaa kilizungushwa kwanza juu ya unga mkavu ili kuusawazisha, ndipo ukashindiliwa kwa kiasi. Maji yalipomiminwa, kisahani chenye matundu kilikaa juu ya unga ili mmiminiko usiufukue. Kwa maneno mengine, Rumford aliruhusu unga uchezewe ukiwa mkavu tu. Ukishalowa, haukupaswa kutikisika hata kidogo.

Hesabu nazo hazikukosekana. Alikadiria kwamba ratili moja ya kahawa njema ya Mocha, kahawa ya Yemen, hubaki aunsi 14 baada ya kukaangwa na kusagwa, na kwamba hiyo yatosha vikombe 56. Ni sawa na robo aunsi kwa kikombe, takriban gramu 7.

Je, alikuwa sahihi? Kuhusu kuchemsha, watengenezaji wengi wa leo wanakubaliana naye. Kuhusu kukoroga, alikuwa sahihi kwa chombo chake. Chujio lake lilikuwa la bati, na kila mtikisiko ungepitisha vumbi la kahawa hadi kikombeni. Karatasi ya kuchujia kahawa ilikuja baadaye sana, mwaka 1908, kwa ubunifu wa Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani.

Karatasi ilibadilisha hesabu. Kahawa iliyokaangwa kidogo ina punje ngumu zilizoshikamana, na ikiwa mbichi kutoka kikaangoni hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi inayoyasukuma maji pembeni. Ndiyo maana watengenezaji wengi huanza kwa kumimina maji kidogo, mara 2 au 3 ya uzito wa unga, wakasubiri kwa sekunde 30 hadi 45. Katika muda huo hukoroga kwa kijiko au kukizungusha chombo, ili pasibaki donge kavu ndani. Bila hivyo sehemu ya unga hutoka bila kutoa kitu, na kahawa huwa chachu na nyepesi.

Hata hivyo, hofu ya Rumford haikufa. Anayekoroga kupita kiasi, au anayemimina maji kutoka juu sana, husukuma vumbi laini la kahawa hadi kwenye karatasi. Matundu ya karatasi huziba, maji huchelewa, na kinywaji hutoka kikiwa na ukakasi unaokausha ulimi. Wenye uzoefu hukoroga mwanzoni, wakamimina kwa utulivu katikati, na mwishoni wakakizungusha chombo mara moja tu ili unga ulale tambarare. Huko kulala tambarare ndiko Rumford alikokuwa akikutafuta kwa kisahani chake. Upande wa kahawa ya espreso, kushindilia na kusawazisha unga mkavu ni kazi ya kila siku, na baadhi ya vifaa vinavyotumika vinafanana mno na alichokieleza miaka zaidi ya 200 iliyopita.

Count Rumford alifariki dunia Auteuil Agosti 21, 1814, akiwa na miaka 61, na akazikwa hukohuko. Georges Cuvier, aliyesoma wasifu wake mbele ya wanasayansi wa Ufaransa mwaka 1815, hakuficha kwamba marehemu aliwatendea watu mema mengi bila kuonyesha kuwapenda. Sehemu ya mali yake iliachiwa Chuo Kikuu cha Harvard.

Binti yake Sarah, aliyekwenda kuishi naye Auteuil katika miaka ya mwisho, alirithi cheo chake. Alirudi Marekani uzeeni na kufariki dunia mwaka 1852 mjini Concord, mji ambao baba yake aliukimbia yeye akiwa mtoto mchanga.